Shinikizo la Ermelinda

Kerubo hakuwahi kuonja divai maishani mwake. Alikuwa Msabato wa kuzaliwa, binti wa Kisii, na mtu akimtajia pombe alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Lakini Septemba ile, kila alasiri alipokwenda Acocks Green, mtaa wa Birmingham, kumhudumia Ermelinda, nusu ya roho yake ilihamia kwenye mashamba ya zabibu ya Ureno, wala hakuona haya.

Ermelinda alikuwa ajuza wa Kireno, mwembamba, mwenye ulimi mkali. Alizaliwa katika jiko la jumba moja la matajiri wa divai juu ya mto Douro, ambako mama yake alikuwa mpishi. Sasa jumba lile lilikuwa hoteli ya kifahari, na mjukuu wake, Cheryl, alikuwa amemwekea chumba huko kwa siku yake ya kuzaliwa. Kerubo angefuatana na ajuza huyo kama mhudumu. Basi kila dawa zikishanywewa, wawili hao waliinamia simu kutazama picha.

Waliingia kwa mlango wa mbele, wakapita kwenye vigae vya bluu, wakapanda ngazi ambazo watoto wa jikoni hawakuruhusiwa kuzikanyaga. Wakafungua madirisha. Vilima vya matuta vikashuka ukutani, vikapita juu ya kabati la dawa, vikatulia kwenye zulia. Treni iliposikika stesheni ya jirani, Ermelinda alifumba macho, na Kerubo naye akafumba, na wote wakajua kwamba ni ile inayofuata ukingo wa mto, na kwamba wakitaka wanaweza kuipanda.

"Rudi nyuma kidogo," Ermelinda alisema siku moja. "Hapo."

Ilikuwa picha ya chumba cha bei kali kuliko vyote. Katikati palikuwa na hodhi pana la mawe, limejazwa maji ya moto na maua, na mgeni mmoja amejilaza humo kama kiboko aliyeshiba.

"Hilo ni shinikizo," alisema Ermelinda. "Wanaume walikanyaga zabibu humo, wameshikana mabega, wanaimba. Sisi wanawake tulichuma, tukapika. Kuingia, marufuku. Walisema mguu wa mwanamke unaharibu divai. Siku hizi hayo yote wanayaita urithi. Sisi tuliyaita kazi."

"Na wewe uliamini, shosho?"

"Mama yangu aliamini mpaka kaburini. Mimi nataka kuingia humo nijue, kabla sijafa."

Kerubo akamwambia kwamba kwao mwanamke hakuruhusiwa kula kuku. Nyanya yake aliwapikia wanaume kuku maisha yake yote bila kuonja hata ukucha. Mwiko ulipokuja kulegea, meno yake yote yalikuwa yameshaaga. Ermelinda alicheka hadi akakohoa.

Kikohozi kile hakikukoma. Daktari alimpima kifua na moyo, akasema habari ya ndege waisahau. Cheryl alifuta safari huku analia. Ermelinda hakulia. Aligeukia ukuta, akakataa chai, akakataa supu, akakataa hata simu itolewe mfukoni.

"Lile hodhi halikuwa langu," alisema. "Acha."

Kerubo aliumia. Aliumia kwa ajili ya ajuza huyu, na kwa ajili ya nyanya yake pia, na usingizi ukampaa. Jumapili akampigia binamu yake Angeline, nesi wa mtaa wa Newtown, kumweleza alilopanga.

"Kerubo, uko serious? Unaenda ku-make wine? Wewe wa Sabato? Pastor akisikia ata-faint!"

"Si wine, ni juice. Juice haijawahi kupeleka mtu jehanamu."

"Haya basi. Lakini huyo mgonjwa asi-slip. Mshikilie proper."

Akanunua zabibu nyeusi zote alizozikuta dukani kwa Davinder, na beseni pana jipya. Aliziosha zabibu, akamwosha Ermelinda miguu, akaosha na yake. Kisha akamketisha kitini, akaweka beseni mbele yake, naye akaketi upande wa pili.

Ermelinda alitupia moja mdomoni. "Hazina mbegu! Zabibu gani hizi?"

"Za Birmingham, shosho. Ingia."

Wakaingiza miguu. Zabibu zilikuwa baridi, zikapasuka polepole, maganda yakateleza kati ya vidole. Wakashikana mabega. Ermelinda akaanza wimbo wa wale wanaume, kwa sauti ya uzi, na ukuta ukafunguka tena: matuta yakashuka, mto ukang'aa, harufu ya mavuno ikajaa nyumba nzima. Mashavu ya ajuza yakapata rangi.

"Mama, tazama," alimwambia mtu ambaye Kerubo hakumwona.

Ghafla akaukatiza wimbo. Akaitazama miguu yake iliyogeuka zambarau, na hofu ya kitoto ikamwingia usoni.

"Kerubo. Divai imeharibika?"

Kerubo angeweza kusema hapana upesi, jinsi wagonjwa wanavyobembelezwa. Aliona haitatosha. Akainama, akachota kwa kiganja kutoka kati ya miguu yao minne, akanywa yote.

"Ni tamu," alisema. "Tamu kweli kweli, shosho."

Ermelinda alimkazia macho.

"Basi walitudanganya," alisema, akaanza kukanyaga upya, kwa nguvu.