Kipande cha Baba

Penina, mtafiti wa dawa, alimlilia baba yake mazishini mpaka sauti ikamkauka, lakini kusema kweli akili yake ilikuwa kwenye boksi jeupe chumbani kwa marehemu. Mnamwona hana utu? Subirini kwanza.

Ukoo wao pale Qurus una ugonjwa wa maumivu. Mzee Josephati kafa nao, na sasa amebaki nao Brigita peke yake, mdogo wake Penina. Huyo ukimgusa mkono tu anapiga yowe, na dawa kali kuliko zote hospitalini haimtulizi hata kidogo. Penina alishuku vipokezi, yaani vijilango kwenye chembe za mwili ambapo dawa hushika. Huenda vya kwao vina umbo jingine. Ili kuvijua kilihitajika kipande cha neva kutoka jirani na uti wa mgongo, na hicho hakikatwi kwa mtu aliye hai. Mzee mwenyewe alisema, "Nikifa kateni. Mponyeni mwanangu." Wenzake wa Sweden, wenye mashine za kuviona vijilango hivyo, walikuwa wanangoja, na vibali vya nchi zote mbili vilishatoka kwa mbinde.

Basi kikakatwa, kikatiwa kwenye kichupa, kikafungwa ndani ya boksi lile lenye barafu kavu. Jioni baada ya maziko, jirani yao Julius, dereva wa watalii, alipitia boksi alipeleke uwanja wa ndege pamoja na wageni wake waliotoka kutazama wanyama bondeni Kreta. Akalinyanyua.

"Dada Penina, hili mbona lilishafunguliwa?"

Penina akatupa kifuniko pembeni. Barafu bado inafuka. Kichupa hakipo.

"Nani kagusa hapa?"

Shangazi Germana, dada wa marehemu, akatoka jikoni anajifuta mikono, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. "Mimi, mwanangu. Si uliniambia mwenyewe kwamba humo kuna kipande cha kaka yangu? Nikasema hapana, Josephati hazikwi pungufu. Nilimwekea kifuani kabla hawajapiga misumari. Sasa amelala mzima."

Jamani! Hapo utamgombeza nani? Kikishayeyuka kimekwisha, hata wangefukua wasingepata kitu cha maana. Penina alitaka kupiga kelele. Akaishia kumshika shangazi yake mikono na kusema asante, na asante hiyo ilikuwa uongo mtupu. Simu ya Sweden ikaita, akaizima.

Alimkuta Brigita kitandani, amesikia yote. Akakaa sakafuni akalia kwa kwikwi, maana hata kumkumbatia asingeweza.

"Acha kulia, dada," Brigita alisema taratibu. "Waambie Wazungu wako wasiuze hizo mashine. Wangoje changu."

Penina akatikisa kichwa, hataki kusikia.

"Ila siku hiyo," Brigita akaongeza, "shangazi msimwambie."