Wimbo Niliomtungia Mbeleje

Nimekaa mapokezi ya kituo cha redio tangu asubuhi, zeze mapajani, nikisubiri kurekodiwa, na binti wa mapokezi ananiambia kwa mara ya nne, subiri kidogo, mzee Chilewa, mtangazaji anakuja, na joto la saa nane linanilemea kope, kope zinashuka, na ukuta ulio mbele yangu unafunguka kama pazia. Napita. Huku ni barabara nyekundu isiyo na mwisho, kila nikipiga hatua inajikunja upya, na mbele yangu anatembea mtu asiye na uso. Namwuliza, studio iko wapi? Ananijibu, kitendawili. Sisemi tega, sina muda. Anatega hivyo hivyo: nimezaa mwana, kila mji unamwita wake. Ni wimbo, namwambia, hilo nalijua kuliko wewe, mimi nimekuuliza njia! Anainua mabega, anaendelea kutembea. Tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo kuna harusi, na kila harusi inaimba wimbo wangu. Wangu! Niliutunga miaka thelathini na mmoja iliyopita, wiki tuliyomzika dada yangu Mbeleje, aliyefariki akijifungua. Ni kilio, nimekilia kwenye kila jukwaa kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni, na hawa wanakipigia vigelegele. Namshika mkono bwana mmoja mwenye suti, namwambia, simamisheni, huo ni wimbo wa msiba, mtunzi ni mimi. Ananitazama kwa huruma. Mzee wangu, huo ni wa mababu, hauna mtunzi, hata redioni wanasema hivyo. Ndicho kilichonipeleka redioni! napaza sauti, lakini vigelegele vinanimeza, mji unageuka, na harusi ni zile zile, ila kushoto kumekuwa kulia.

Nyuma ya kioo cha mwisho kuna ua, na Mbeleje mwenyewe anapepeta uwele, huku anaimba maneno ya harusi. Hata wewe? namwuliza. Anacheka. Kaka, miaka yote hii kila ukipanda jukwaani unanizika upya. Hawa angalau wananichezesha. Namwambia, wamelifuta jina lako, hakuna anayejua kama uliwahi kuishi. Anaacha kupepeta. Haya, niimbie ubeti wenye jina langu. Nafungua kinywa, yanatoka maneno ya harusi. Najaribu tena, ya harusi tena. Nimegombana na watu mji kwa mji, kumbe ubeti nimeupoteza mwenyewe! Mbeleje anasogea, ananinong'oneza sikioni, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho.

Mzee Chilewa, amka, zamu yako. Binti wa mapokezi ananitikisa bega. Naingia studio, napiga zeze, na ubeti unatoka wote bila kukwama. Mtangazaji anashika kalamu. Mtunzi tumwandike nani? Nataka kusema mimi, kama nilivyopania siku zote; ulimi unasema, mimi na Mbeleje. Anaandika, kisha anageukia mlango, anashusha pumzi kama mtu aliyechoshwa na wageni. Sasa mzee, kama mko wawili, mbona mwenzako umemfungia nje? Tangu umeanza kuimba anagonga tu, anaita, kaka, kaka.