Mwenye Safari Hakai Kikaoni

Nimefumba macho kwa sababu ya dawa ya macho, wala sina usingizi. Matone haya yanataka nilale chali nitulie mpaka uchungu wake ushuke kooni, basi nimelala chali chumbani kwangu Tabora, mchana kweupe, huku sebuleni wanapanga safari yangu bila mimi. Nawasikia. Mdogo wangu Maganga ni mwenyekiti, binti yangu Nyamizi ni katibu, na waliobaki wamegawana kamati ndogo: chakula, mavazi, mapambo, ukumbi. Ukumbi! Mimi nakwenda kwa meli kwenye bara la barafu, Antaktika, chini kabisa ya dunia, na watu wazima wenye akili zao wanajadili ukumbi. Asubuhi nilivuta kiti nikae nao, Maganga akaniambia kwa ile sauti yake ya upole, dada, wewe kapumzike, mwenye shughuli hakai kikaoni, ndivyo tulivyolelewa. Kweli ndivyo tulivyolelewa, na ndiyo maana nimelala hapa naumuka kwa hasira kama unga wa maandazi. Nimefundisha jiografia mpaka chaki ikanila vidole. Kila mwaka nimelichora bara lile ubaoni, na kila mwaka nimelifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa presha ya macho inakula kuona kwangu, inaanzia pembeni inakuja katikati, na daktari hakunizungusha, alisema mwalimu Siwema, kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu. Meli za huko huenda kwenye kiangazi chao tu, wakati jua linapokataa kuzama, ukikosa msimu umekosa mwaka mzima. Nafasi yangu nimeshaishika kwa mafao yangu, sikumwomba mtu. Nao wameshasogeza tarehe mara mbili. Mara ya kwanza walisema sare haijapatikana dukani. Mara ya pili hata sababu hawakutoa, walisema tu, mama, tuachie sisi. Hasira inapanda mpaka kichwa kinagonga, nasema liwalo na liwe, nainuka, nashika kitasa ili nikawavurugie kikao chao, na mlango unaofungukia ndani siku zote unafungukia nje, na sebule haipo.

Kuna barabara. Ni nyeupe, pana kama uwanja wa ndege, nami natembea juu yake pekupeku na miguu haioni baridi, kisha ninakumbuka kwamba inapaswa kuona baridi, basi inaona, inauma kweli. Barabara inazaa barabara nyingine, na hiyo inazaa nyingine, zote zinateremka kusini, na kwenye kila njia panda kuna kibao cha maandishi yanayobadilika nikiyakaribia, Meli, kinasema, kisha kinasema Subiri Kidogo, kisha kinasema Tutakujulisha. Nakipiga teke. Nyuma ya kibao anatoka mtu aliyevaa sare, kitenge cha samawati chenye pengwini wa njano, ndiyo ileile waliyoitafuta hadi Kahama, na juu ya kola, pale panapokaa uso, hakuna kitu, pako laini kama yai lililomenywa. Shikamoo mama, anasema. Marahaba, naitika, maana adabu haimwachi mtu hata ndotoni, na papo hapo najichukia kwa kuitika. Namuuliza, njia ya melini ni ipi? Anasema, kitendawili. Namwambia mimi sina muda wa vitendawili, nimeuliza njia. Kitendawili, anasema tena, kwa upole uleule wa Maganga, upole wa mtu anayekufungia mlango huku anakuombea dua. Haya, tega, nasema kwa meno. Kila siku anatoka nje, nyumbani hajaondoka. Sijui na sitaki kujua. Basi nipe mji, anasema. Na mimi kwa hasira, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni tuliposhindwa, namtupia mji wa kwanza unaonijia mdomoni, chukua Sikonge. Mji unainuka kutoka kwenye barafu palepale, Sikonge nzima, soko na kituo cha mabasi na msikiti, yote ya kioo, na chini yake Sikonge nyingine imesimama kichwa chini, na watu wa juu na wa chini wamegusanisha nyayo, wanatembea pamoja. Sikonge, Sikonge, anasema yule mtu akishangilia, nikaenda nikapokewa vizuri, nikala kuku mzima. Jibu lake ni mlango, mama. Anapouchukua mji wake, mji unazimika, na upande wangu wa kushoto unazimika nao. Nageuza kichwa kuutafuta. Hakuna kitu huko, hata giza hakuna.

Nakimbia. Barabara imekuwa nyembamba, ama ni mimi ninayeona chembamba, na kila nikikimbia naona nimerudi mbele ya mtu huyuhuyu, au mwenzake, nitajuaje na wote hawana sura? Huyu ana sauti ya shemeji yangu wa kamati ya chakula. Shikamoo mama. Siitiki. Anaingoja marahaba yake, amesimama tu, na barabara imesimama naye, mawimbi kule mbali yamesimama, mpaka namwitikia ili dunia iendelee. Mama, sisi tunalo moja tu la kukuuliza, huko melini ubwabwa atapika nani? Namwambia nitakula watakachonipa. Anatikisa lile yai lake kwa huruma. Kitendawili, anasema. Wanampenda, wanambeba, hawamfikishi. Hili nalijua, niko karibu kulijua, liko kwenye ncha ya ulimi, lakini hasira ni mwalimu mbaya, inafuta ubao kabla hujasoma, na ninajisikia nikipiga kelele, chukua Urambo, chukua na tumbaku yake yote! Urambo inainuka, inang'aa, inajitazama chini ya miguu yake, yule mtu anasema nikaenda Urambo, nikapokewa kwa ngoma, nikapewa kitanda cha mbele. Jibu lake ni mtoto anayebembelezwa, mama. Habebwi ili afike, anabebwa ili alale. Urambo inazimika na upande wangu wa kulia unakwenda nayo. Sasa ninaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Ndani ya tundu hilo, mbali, kuna bomba jekundu la meli linatoa moshi, na honi inalia. Naogopa. Nasema wazi, hata kama hakuna anayesikia: naogopa, mji wa tatu sitoi, mji wa tatu ndio hili tundu nililobakiwa nalo.

Kwa hiyo anapokuja wa tatu namwahi mimi. Tega, namwambia kabla hajaamkia. Anashtuka, sare yake inatetemeka pengwini wote. Shughuli ni yake, anasema, watu ni wake, kikaoni hayumo. Hiyo rahisi, ni mwali, nasema. Mwali yuko ndani amefungiwa, wakubwa wanampangia. Mwali anasikia, mama, anasema. Huyu hasikii. Nasimama. Honi inalia tena. Nafikiri, nafikiri kwa nguvu kama zamani nilipokuwa natafuta jina la mto mbele ya darasa lililonyamaza, shughuli ni yake, watu wamejaa kwake, wanagawana kazi, chakula, mavazi, nani atasafiri na nani atabaki, naye amelala chali chumbani amefumbwa macho. Jibu linakuja na linanichoma kabla sijalisema. Maiti, nasema. Ni maiti. Yule mtu anainamisha kichwa chake kisicho na uso, anasogea pembeni kwa heshima, na nyuma yake kuna ukuta wa barafu mrefu kuliko minara yote, safi kama kioo cha dukani, na ndani ya ukuta wamekaa kwenye viti vya plastiki, kamati yangu yote, chupa za chai katikati, sahani ya vitumbua inazunguka. Hakuna mwenye uso. Sauti nazijua zote. Ndugu wajumbe, anasema Maganga, mtu mkubwa hakataliwi usoni. Hatumkatalii. Tunasogeza. Msimu huu ukipita tutasogeza tena, macho yatakuwa yamemaliza kazi yake, na mwenyewe atasema basi, na hapo hakuna aliyemvunjia heshima. Nyamizi analia, nasikia pua yake. Mimi, mjomba, naogopa tu, anasema, akifia kule tutamzika wapi, kule hata udongo hakuna. Ndio hivyo, mwanangu, anasema Maganga, ndio maana tuna kamati. Wanaounga mkono? Mikono inanyooka, yote, na wa mwisho ni wa binti yangu.

Naupiga ukuta kwa ngumi, kwa kisigino, kwa kichwa. Ukuta haukatai, unalegea tu na kusogea, nami nasogea nao, mpaka natumbukia katikati yao juu ya meza, vitumbua vinaruka. Ninyi! nasema. Heshima gani hii ya kumngoja mtu apofuke? Mngesema hapana! Mngesimama mbele yangu mkasema dada, mama, hatutaki, tukagombana kama watu, nikalia, mkalia, kisha nikaenda! Mnaogopa nitafia huko? Nikifia huko nitakuwa nimekufa ninaona! Nasimama, nangoja mmoja wao anijibu. Wanapiga makofi. Wanapiga makofi ya heshima, ya polepole, kisha mmoja wa kamati ya mapambo anasimama na kusema, kwa niaba ya wajumbe wote napenda kumshukuru mgeni rasmi kwa nasaha zake nzuri, tumezipokea na tutazifanyia kazi. Sijawahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu. Nawatukana wote, kuanzia mwenyekiti, kwa matusi ambayo nilikuwa nikiwachapia wanafunzi, na kila tusi linapotoka barafu inapasuka, ufa baada ya ufa, mpaka viti vyao vinaelea kila kimoja na mtu wake, wanakwenda zao huku wamekaa vizuri, bado wanachukua kumbukumbu za kikao.

Boti ya mpira inanipokea. Baharia ananiwekea karai la dawa, ananikabidhi brashi, anasema sugua viatu, hatupeleki udongo wa kwetu huko, na naona kwamba nina viatu, nasugua, nasugua mpaka vumbi la Tabora lote limebaki kwenye karai. Ana uso. Ana makovu ya chunusi na ndevu mbaya, nami nautazama uso ule kama mtu aliyekuwa na kiu. Haniulizi nimekuja na nani. Kisha tunazunguka mwamba, na liko mbele yangu, bara lenyewe, na nilikuwa nimewadanganya watoto wa watu miaka yote ile, maana si jeupe hata kidogo. Ni la buluu ndani, buluu inayotoka chini kabisa, na kijani pale maji yanapoligusa, na waridi juu kwa lile jua lisilozama. Linalia pia, linalia kama mlango mzito, na linanuka kinyesi cha pengwini mpaka machozi yanatoka, na pengwini wenyewe wanagombana bila kuteua mwenyekiti. Ninaona kushoto bila kugeuza kichwa. Ninaona kulia. Nacheka peke yangu kwa sauti, nanyoosha mkono nishike ukingo wa boti ili nisimame nione zaidi, na ukingo ni laini, una foronya, ni mto wa kulalia.

Maganga yuko mlangoni. Najua ni yeye kwa kikohozi, maana amesimama pembeni, na pembeni mimi sina kitu. Dada, umelala vizuri, anasema, kikao kimekwisha salama, wajumbe wanakusalimia. Anasema tumeona, kwa ajili ya afya yako, tusogeze mbele kidogo. Naitafuta hasira yangu na ninaikuta ipo, haijalala, bado ina joto, ila sijui imetoka upande gani na mimi, huku au kule. Vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi. Au ni kwa kuvilalia. Namgeukia taratibu mpaka anaingia katikati, pale ninapobakiwa na kuona, na namuuliza kwa upole wake mwenyewe. Maganga, mnangoja macho yangu yaishe, ili isionekane mmenikatalia?

Sebuleni sahani zinakusanywa, mtu anaburuta kiti, na nyuma ya bega lake Nyamizi amesimama na mkono mdomoni. Nangoja Maganga aseme dada, unaota. Akisema hivyo nitamwamini, naapa nitamwamini, nitanywa chai yake na kungoja mwaka mwingine. Anajikohoza, anatazama sakafu.

Nani kakwambia? anauliza.

Najifinya paja. Linauma, lakini hata kule kila kitu kiliuma. Namwambia Nyamizi aniletee viatu.