Maji Kwenye Mkeka

Adoyo alipofika mlangoni mwa ukumbi, moja kwa moja kutoka kuchuma chai, alimkuta binti yake Beverly amepiga goti mkekani, midomo imekauka. Walikuwa wamefanya karate saa mbili nzima bila tone la maji, maana kocha Kipkurui alisema maji humlegeza mpiganaji.

Adoyo akavua gambuti zake za shambani, akaingia na jagi la maji aliyotia sukari na chumvi kidogo.

"Mama, hapa mtu huinama kwanza," kocha alisema.

"Mimi huinamia Mungu peke yake. Beverly, kunywa."

"Akikunywa, Jumamosi haendi mashindano Bomet."

Machozi yakamlenga Beverly. Mashindano hayo alikuwa ameyangoja mwaka mzima. Adoyo hakurudi nyuma.

"Kocha, nimechuma chai miaka kumi na tisa. Ukienda shambani bila maji, saa sita tunakubeba kwa gunia. Huyu akianguka hapa, utambeba wewe?"

Wanafunzi wengine wakacheka chini chini. Beverly akachukua kikombe, akakimaliza, akaomba kingine. Kisha Chepchumba, bingwa wa ukumbi ambaye hakuna aliyewahi kumshinda, akanyoosha mkono.

"Nipatie na mimi, mama."

"Chepchumba! Hata wewe?"

"Nifute tu kwenye orodha ya mashindano, kocha. Nina kiu."

Wengine nao wakapanga foleni ya maji hadi ukutani. Kocha akabaki na orodha hiyo mkononi, hajui aanze kumfuta nani. Adoyo akamjazia kikombe.

"Shika, mwanangu. Nawe umepiga kelele tangu saa nane."