Mwenyekiti Hakuulizwa

Tusajigwe alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika mawasiliano ya umma, na kilichomzuia kumaliza kilikuwa kaka yake.

Utafiti wake ulihusu tahadhari za mafuriko: zinatoka wapi, zinapita kwa nani, na zikifika kijijini watu wanazielewaje. Alichagua Ikolo, wilayani Kyela, kwa sababu alizaliwa huko, na kwa sababu masika iliyopita mto ulivunja kingo ukasomba kuku, magunia ya mpunga na nyumba kadhaa za udongo. Hakuna aliyekufa, lakini watu walikimbia na nguo walizovaa tu. Tahadhari ilikuwa imetolewa mapema, na redio zilikuwa zimeisema. Tusajigwe alitaka kujua ilikwama wapi.

Gwamaka, kaka yake mkubwa, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliposikia dada yake amekuja kuhoji watu, alipiga shati pasi, akatoa pikipiki uani na kumsubiri.

"Twende, nikutambulishe."

"Kaka, wananijua. Nimezaliwa hapa."

"Wanakujua wewe. Hiyo mastazi yako hawaijui."

Tusajigwe alidhani atatambulishwa, kisha ataachwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nelson, mjane mwenye shamba la kakao karibu na mto. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, *ugonile, ndaga*, wakaletewa viti. Tusajigwe akawasha kinasa sauti cha simu. Gwamaka naye akavuta kiti.

"Mama, mwaka jana mlipataje habari kwamba maji yanakuja?"

Mama Nelson alimtazama Gwamaka.

"Tulitangaza," alisema Gwamaka.

"Walitangaza," alisema Mama Nelson.

"Na nyie mliposikia tangazo, mlielewa nini?"

"Walielewa vizuri tu."

"Tulielewa vizuri," alisema Mama Nelson, akaanza kuutazama mgomba uliokuwa nyuma ya Tusajigwe.

Ikawa hivyo kila nyumba. Mzee Yohana alielewa vizuri. Mama wa kwaya alielewa vizuri. Kijana mmoja aliyepoteza nyumba nzima naye alielewa vizuri. Jioni Tusajigwe alikaa na spika za masikioni kuyaandika mahojiano neno kwa neno, na katika kila rekodi alisikia kikohozi cha kaka yake, halafu sauti yake, halafu mtu akirudia alichosema.

Msimamizi wake, Dokta Habiba, alipiga simu baada ya kusoma. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, ikabidi Tusajigwe atoke mpaka barabarani, kwenye tuta, akasimama akiwa ameinua shingo kama kuku.

"Tusajigwe, nimesoma mahojiano yako yote. Huyu ni mtu mmoja."

"Hapana, Dokta, ni watu tofauti."

"Majina ni tofauti. Mtu ni mmoja. Ni nani huyu anayejibu?"

"Ni mwenyekiti wa kitongoji."

"Mtoe."

"Ni kaka yangu."

"Basi mtoe kwa adabu," alisema Dokta Habiba. "Lakini mtoe. Haya siwezi kuyapitisha."

Angemtoaje? Gwamaka ndiye aliyemlipia ada ya sekondari baada ya baba yao kufariki. Tusajigwe alijaribu sheria za chuo. Alimweleza kwamba mhojiwa anatakiwa kuzungumza kwa faragha, na anachosema ni siri yake.

"Siri gani?" aliuliza Gwamaka. "Mafuriko ni siri? Maji yalipita mbele ya kila mtu."

Alijaribu kuondoka alfajiri kwa miguu. Alipofika kwa mtu wa kwanza alikuta pikipiki imeegeshwa chini ya mgomba na Gwamaka anakunywa chai. "Umechelewa," kaka yake akamwambia. Siku ile Tusajigwe hakuwasha hata kinasa sauti. Alikunywa chai yake akarudi nyumbani, akafunga mlango na kujilaza kifudifudi na viatu miguuni.

Aliyekuja kumgongea alikuwa Prisca, mke wa Gwamaka.

"Wifi, kesho ana kikao cha kata," alisema. "Wanawake tutakuwa kwa Mama Nelson kugeuza kakao. Njoo na simu yako."

Kesho yake aliwakuta wameketi kuzunguka mikeka ya kakao, mikono yao ikigeuza punje zilizokuwa zinanuka uchachu. Tusajigwe aliomba ruhusa ya kurekodi, wakakubali. Alirudia swali lake lilelile, akiwa amekwisha kulichoka.

Mama Nelson hakutazama mgomba safari hii.

"Alitangaza, hilo si uongo. Alipita na kipaza sauti. Lakini alianza na michango."

"Michango ipi?"

"Ya kujenga darasa. Halafu ya choo cha darasa. Halafu akataja kaya ambazo hazijatoa."

"Alipofika kwenye maji," alisema mama mwingine, "nani alikuwa bado nje? Mimi niliposikia mchango tu, nilifunga mlango nikawaambia watoto wasikohoe."

Walicheka. Prisca alicheka pia, kisha akaacha.

"Hata mimi," alisema taratibu. "Mimi mke wake. Nilikuwa jikoni, nikasema haya nayajua, nikaendelea kupika. Maji yaliponikuta nilikuwa sijatoa hata gunia moja."

Mama Nelson akaeleza ndama wake alivyokwenda na maji akiwa bado amefungwa kamba. Alieleza akiwa ameinamia mkeka, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Tusajigwe alirudi na hasira kubwa kuliko alizoondoka nazo. Miezi yote alikuwa akitafuta tahadhari ilikwama wapi, kwenye redio, kwenye simu, kwenye lugha ya wataalamu, kumbe ilikwama kinywani mwa mtu aliyekuwa akimpakia kwenye pikipiki kila asubuhi. Alimpigia Dokta Habiba kutoka kwenye tuta.

"Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja," alisema Dokta, na kwa mara ya kwanza alisikika amefurahi. "Kiandike. Badilisha jina la mwenyekiti."

"Dokta, kitongoji kina mwenyekiti mmoja."

"Jina la kitongoji nalo libadilishe."

"Aliyetangaza michango kwanza, halafu mafuriko, Kyela nzima ni mmoja. Watamjua."

"Basi zungumza naye. Wewe si unasoma mawasiliano?"

Tusajigwe aliishusha simu akaitazama. Angekuwa mtoto angeitupa mtaroni.

Alimwambia jioni ile, wakiwa mezani. Hakutaja aliyesema nini. Alisema tu kwamba ameelezwa na watu wengi. Gwamaka aliacha kula. Alinawa mikono akiwa ametulia, akaifuta.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewazamisha."

"Sijasema hivyo, kaka."

"Utaandika hivyo. Kwa Kiingereza, tusiweze kusoma."

Aliinuka akatoka. Kwa siku kadhaa hawakusalimiana. Pikipiki ilipita mbele yake barabarani bila kusimama, na Tusajigwe, aliyekuwa ameomba sana aachwe peke yake, alitembea nyumba kwa nyumba akiwa hana raha. Watu sasa walimjibu wenyewe, na walimjibu kwa kirefu. Aliandika, na hakuna alichoandika kilichompendeza.

Jumapili baada ya ibada Gwamaka alimkuta uani, akaketi mbele yake.

"Umewauliza wote," alisema. "Mimi hujaniuliza."

Tusajigwe alitaka kumjibu kwamba amemsikia kuliko mtu yeyote duniani. Lakini ilikuwa kweli. Katika rekodi zote zilizojaa sauti ya kaka yake, hakuna swali hata moja alilokuwa ameulizwa yeye. Akawasha kinasa sauti.

"Siku ile ulipata ujumbe gani, kaka, na kutoka kwa nani?"

Gwamaka alijikuna kidevu. Alisema alipigiwa simu moja tu, na ofisa wa ngazi ya juu. Aliambiwa kwanza michango ya darasa iishe wiki ile, la sivyo ataitwa ajieleze. Mwishoni, kabla ya kukata, ofisa huyo akaongeza kwamba kuna mvua zinakuja, awaambie wananchi wachukue tahadhari. Basi.

"Nilitangaza kama nilivyoambiwa," alisema. "Kwa mpangilio uleule. Tahadhari ya nini, sikuelezwa. Mvua hapa si kila mwaka? Yule ndama wa Mama Nelson niliumia naye. Ningejua, ningeanza na maji."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Ila mkamuulize na aliyenipigia."

Hiyo ilikuwa na maana ya sura mpya nzima, mahojiano na maofisa ambao hawapokei simu, na kukosa mahafali ya mwaka ule. Dokta Habiba alipoambiwa aliguna muda mrefu, akasema muda wa chuo hauongezwi ovyo, kisha akasema ataomba.

Muda uliongezwa. Tusajigwe alihitimu mwaka uliofuata, wa mwisho katika kundi lake, baada ya wiki nyingi za kukaa kwenye mabenchi nje ya ofisi za watu. Nakala ya tasnifu aliyompelekea Gwamaka ilikuwa ya Kiswahili. Aliitafsiri mwenyewe, akilalamika kila ukurasa. Gwamaka aliisoma yote, kisha akamrudishia akiwa amepigia mstari sehemu alizoona hajanukuliwa sawasawa.