Toleo Jipya la Nyumba

Mvua ilikuwa imeacha kunyesha, lakini ndani ya hema maji bado yalikuwa yanatembea. Generose alikaa juu ya kitanda cha miti, miguu ameikunja chini ya kitenge, godoro amelisimamisha begani lisilowe. Binti yake Noella aliinama akichota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje, ingawa nje hapakuwa na mahali pa kuyamwaga: hema la jirani lilianza palepale turubai lao lilipoishia. Waliishi hivyo, nyuma ya uwanja wa shule moja ya Uvira, tangu ziwa lilipopanda na kuuchukua mtaa wao wa ufukoni.

“Mama, ulilala?”

“Nililala nimekaa.” Generose alikohoa, akasubiri kifua kitulie. “Unionyeshe nyumba.”

Noella alipangusa mikono kwenye blauzi, akatoa simu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za majengo kwa kompyuta. Nyumba ikiwa bado haijajengwa, yeye aliiingiza kwenye programu yake, akaipa jua, kivuli na rangi ya matofali, mpaka anayeitazama aape kwamba imepigwa picha. Shirika lililoahidi kuwahamisha watu wa mahemani kwenda uwanda wa Ruzizi, upande wa Runingu, ndilo lililompa kazi hiyo. Katika picha nyumba zilisimama chini ya milima, kila moja juu ya msingi wa mawe uliofika kiunoni.

“Na haya mawe?”

“Njo fondasyo, Mama. Mto ukijaa, maji haiwezi fika mu mlango.”

Generose aligusa kioo kwa kidole chenye maji. “Ni weye uliyaweka?”

“Ni minye.”

“Basi yabaki.”

Programu aliyoitumia Noella ilikuwa ya zamani. Alikuwa ameifungia mtandao makusudi ili isijibadilishe yenyewe. Zamani, alipokuwa akiiruhusu, kila toleo jipya lilikuja na balaa lake: mara rangi zimehama, mara kitufe alichokizoea hakipo, mara mashine inazimika katikati ya kazi. Hii ya zamani ilikwenda polepole, lakini haikumwangusha. Umeme wa sola ukipungua, ilihifadhi kazi na kumngoja.

Kisha akaja Achille, mkuu mpya wa mradi, kutoka Kinshasa. Hakuwa mtu mkali. Aliwasalimu wote kwa mkono, hata mlinzi wa lango, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku zisizo na umeme. Alisimama nyuma ya kiti cha Noella, akacheka kidogo.

“Weye uko unatumia hii bado?”

“Ndiyo, Shefu. Iko inatulia.”

“Inatulia kama muntu amekufa. Sikia, wafadhili wanataka kufungua kijiji mu simu zao, waingie mu nyumba, watembee. Hii yako haiwezi. Tena kule Kinshasa wamelipa toleo jipya. Kila mwezi linakuja na vitu vipya, sisi tuko tunajinyima juu ya nini?”

“Sikatai mpya, Shefu. Tumalize kwanza hii dosie ya nyumba, halafu nabadilisha. Mafaili iko mikubwa, naogopa kitu kipotee.”

“Noella.” Alisema jina lake kwa upole. “Kuko vijana wengi Bukavu wanajua hii mpya. Sipendi kutafuta mumoja wao akamate kazi yako.”

Noella alibadilisha siku hiyohiyo. Toleo jipya lilipakuliwa asubuhi nzima, likala mtandao wa ofisi yote. Lilipofunguka lilikuwa zuri kweli. Jua lake lilikuwa kama jua la Uvira baada ya mvua. Noella mwenyewe alitabasamu. Kisha akasogeza picha karibu, akaona nyumba zimeshuka. Mawe hayakuwepo. Aliyatengeneza kwa kifaa cha toleo la zamani, na toleo jipya halikukitambua, likakiruka bila hata kusema. Kuta zilikuwa zimekaa juu ya udongo mtupu, na ngazi ya kila mlango ilining'inia hewani.

Alijaribu kurudi nyuma. Faili lilikwisha kugeuzwa. Programu ya zamani ilikataa kulifungua. Nakala aliyokuwa ameihifadhi ilitangulia kazi ya misingi.

Akaenda kumwita Achille, naye akaja, simu sikioni, akainama kutazama.

“Ni nzuri sana hii.”

“Shefu, fondasyo imepotea. Unipe wiki nitengeneze upya. Na vipimo vya fundi vinatoka mu faili hii hii.”

“Wafadhili wanafungua leo saa tisa. Tukikosa leo, feza zinaenda Kalemie, na bantu wanabaki mu mahema mvua ingine tena.” Alimtazama. “Mama yako iko kule, si ndiyo? Ondoa zile ngazi, funika pale chini na majani. Mawe tutayarudisha kabla fundi hajaanza. Nakuahidi.”

Noella alikaa. Alifikiria godoro begani mwa mama yake. Toleo jipya lilikuwa na majani ya kila aina, marefu, mafupi, yenye maua, nayo yalipepea. Alifuta ngazi, akapanda majani kuzunguka kila ukuta, nyumba baada ya nyumba, mpaka pasionekane tena kwamba kuna kitu kilichokosekana.

Wafadhili walifurahi. Picha iliwekwa kwenye bango kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la Noella. Kwa mara ya kwanza jina lake lilikuwa limeandikwa mahali.

Wiki iliyofuata alimkumbusha Achille juu ya mawe. Achille akasema ndiyo, ndiyo. Toleo jingine likaja, naye akapoteza siku kadhaa akirekebisha vivuli vilivyogeuka vyeusi. Alimkumbusha tena. Achille akamjibu kwamba mama yake atakuwa kati ya watu wa kwanza kupewa nyumba, na kwamba alitaka kumpa habari hiyo yeye mwenyewe. Noella alishukuru. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Nyumba zilijengwa kiangazi. Noella alipofika na lori lililobeba vyombo vya mahemani, watu walikuwa wanaimba. Yeye alitazama chini. Sakafu ilikuwa imepanda juu ya udongo kiasi cha kiganja. Alimtafuta Marcellin, fundi mkuu, akamkuta anakunywa maji kivulini.

“Papa Marcellin, fondasyo iko wapi?”

“Iko mu ardhi.”

“Ya juu. Ya mawe.”

“Dada, minye najenga kile wamenipa. Mawe ingekuwa mu vipimo, ningeweka mawe.” Hakuwa na hasira. “Si weye ulichora?”

Alirudi kwa mama yake. Generose alikuwa amevua viatu, anatembea ndani, anagusa kuta kwa viganja viwili. Kaka yake Noella, Gédéon, alikuwa anafunga pazia la mlango.

“Mama, usikae hapa kwanza. Ngoja niongee na shefu.”

“Nisikae hapa nikae wapi?”

“Nyumba haijaisha.”

“Iko na mlango,” Generose akasema. “Iko na mabati. Leo nitalala nimenyoosha miguu, mwanangu. Hayo mengine utanieleza siku ingine.”

Noella angeweza kusema. Mama yake alikuwa amejilaza sakafuni kwenye saruji kavu, macho amefumba, anacheka peke yake. Alitoka kwenda kushusha vyombo kwenye lori.

Alipomwambia Achille, Achille alishusha pumzi. Alisema atajenga kuta za kuzuia maji katika awamu ya pili. Mwezi uliofuata alihamishiwa Goma.

Mvua kubwa ilinyesha milimani, si uwandani. Huko Runingu jua lilikuwa linawaka na wanawake walikuwa wameanika mihogo. Mto ulishuka alasiri ukiwa na miti na mawe. Safu ya chini ya nyumba ilisombwa kwanza. Matofali ya udongo yalilowa kutoka chini, kuta zikapiga magoti. Generose hakukimbia, wengine walisema alirudi kufunga mlango. Walimtoa chini ya ukuta wake kabla jua halijazama, kitenge kikiwa bado kimefungwa vizuri.

Noella alifika kutoka Uvira asubuhi iliyofuata. Alikuwa amekaa chini karibu na mwili wakati gari la polisi lilipoingia, na maofisa wawili wakauliza ni nani aliyechora nyumba. Kisha Apollinarie, jirani yao wa tangu mahemani, aliyepoteza wajukuu, akanyoosha mkono bila kuinua kichwa.

“Ni ule. Hata jina yake iko mu bango.”

Walimpeleka kituo cha polisi cha Sange, kando ya barabara kuu. Ofisa alikuwa amepigiwa simu na shirika. Watu wa shirika walisema ni kosa la mchoraji, kwamba mkuu wa wakati huo aliamini picha alizopewa.

“Mawe iliondoka namna gani?”

“Programu ilibadilika, Shefu. Toleo jipya halikuyaona.”

“Kwa hiyo ni mashini iliua bantu.”

“Hapana.”

“Nani sasa?”

Akilini Noella alimwona Achille, na Marcellin na chupa yake ya maji, na wafadhili wa mbali wakitembea kijijini kwa simu. Alijiona yeye akipanda majani. “Minye niliona,” akasema. “Niliona na nikanyamaza.”

Ofisa aliyaandika hayo tu.

Kesho yake Gédéon alikuja kuomba dada yake aruhusiwe kufuata jeneza, hata akiwa na askari pembeni. Aliambiwa angoje amri kutoka Uvira. Amri haikuja.

Mchana, kutoka kwenye dirisha dogo la kasho, chumba alichofungiwa, Noella alisikia sauti za soko zikishuka, kisha wimbo wa maziko wa Kirundi ukija kutoka upande wa Runingu, sauti za wanawake mbele, za wanaume nyuma. Alipanda juu ya ndoo lakini dirisha lilikuwa juu zaidi. Waimbaji walifika mbele ya kituo, wakasimama. Wimbo ukakatika.

“Noella!” Ilikuwa sauti ya Gédéon. “Noella, Mama iko hapa!”

Lori likapiga honi. Ofisa akatoka nje. “Mutembee, mutembee, muko munafunga njia.”

Wakaanza tena kuimba, sasa wakienda. Noella aliweka paji la uso ukutani, akaitafuta sauti ya wanawake, akaimba nao polepole huku wakizidi kuwa mbali. Mlinzi aligonga mlango kwa funguo.

“Weye, nyamaza kidogo. Shefu iko mu simu.”