Maji ya Kikopo Kimoja

Idriss alikuwa na sindano yake mwenyewe, na alijivunia jambo hilo kuliko wengine wanavyojivunia nyumba. Aliifunga uzi mwekundu isije ikachanganyika na ya rafiki yake Aristote. Wawili hao, waliopanga chumba kimoja, walizoea heroini kule Kasumbalesa, mpakani, walipokuwa wakipakua malori, na kwa miaka minne hawakuazimana sindano hata siku moja. Maji ya kusuuzia yalikuwa ya kikopo kimoja, pamba moja, kijiko kimoja. Lakini maji ni maji, Idriss alisema, nani amewahi kuugua kwa kusuuza?

Siku macho ya Aristote yalipogeuka manjano, na kituo cha afya kikasema ana virusi vya ini, Idriss aliogopa kwelikweli. Akamtengea sahani yake ya bukari, ule ugali wao wa kila siku.

"Utakulaka peke yako," akamwambia. "Na kwenu vilevile. Usiguse mu bukari ya mama yako, utamuua."

Aristote alikuwa mtoto pekee wa mjane, na maneno hayo yalimwingia mpaka mfupani. Akawa anakula nyuma ya ukuta, amewapa watu mgongo. Cha ajabu, wakati wa sindano ulipofika, waliinamia kikopo kilekile, mabega yakigusana, na hakuna aliyeona kasoro. Baada ya mwezi Aristote akahamia kwa mama yake, huko Annexe, pembezoni mwa mji, na hakurudi tena.

Mwaka ukapita. Idriss alishona viatu vya watu peke yake, akajidunga peke yake, akala peke yake. Jioni alikuwa akijikuta anaongea na kiatu. Alimkumbuka sana Aristote, basi, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Juzi naye akapimwa.

"Iko, papa," akasema Cathy, muuguzi. "Hépatite C, ile ya ini."

"Haiwezekani! Sijagawanya sindano na muntu."

"Na mayi?"

Cathy akamweleza bila haraka kwamba damu kidogo, ambayo jicho haliioni, hubaki kwenye maji, kwenye pamba, kwenye kijiko. Ugonjwa una vidonge, akasema, watahangaika pamoja kuvipata. Na bukari haina kosa lolote, mtu anaweza kula na yeyote amtakaye.

Idriss aliona aibu. Kisha, Mungu amsamehe, akafurahi. Akanunua bukari na samaki wa kukaanga, akapanda pikipiki mpaka Annexe.

Alimkuta Aristote akipalilia viazi vitamu nyuma ya nyumba, amekonda, shati linamning'inia. Walisalimiana kwa mbali. Idriss alipofungua chakula, Aristote aliingia ndani akatoka na sahani yake, akaketi kando bila kuambiwa.

"Acha ile sahani," Idriss akasema, akicheka kwa wasiwasi. "Haipitake mu chakula. Ilikuwa mu ile mayi yetu. Miye pia niko nayo, bananipima juzi. Kuja tukule."

Aristote aliutazama mkono wa Idriss uliokuwa tayari kwenye bukari.

"Haipitake mu chakula?"

"Hata kidogo."

"Mama alikufa mu mwezi wa tatu," Aristote akasema.

Idriss hakuwa na habari. Akautoa mkono kwenye bukari. "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Kila siku alikuwa ananiita: mwanangu, kuja tukule. Miye nilikuwa namukatalia. Ile siku ya mwisho aliniomba nimulishe na mukono yangu. Niliogopa. Nikaita jirani, mama Régine, yeye njo alimulisha."

Idriss aliona heri angetukanwa, heri angepigwa. Aristote aliinuka polepole, akashika jembe, akarudi kwenye viazi vyake na kuendelea kupalilia.

Idriss alingoja mpaka bukari ikapoa. Aristote hakugeuka.